Jinsi ya Kuhakiki Kama Dawa ya Maumivu Inafaa Kutumiwa Pamoja na Insulini

Mtu anayetumia insulini huumwa jino, mgongo na magoti kama mtu mwingine yeyote, na dawa za kutuliza maumivu hupatikana kwa urahisi kuliko karibu dawa nyingine zote: zipo famasi, zipo kwenye duka la dawa muhimu, zipo hata kwenye kioski cha mtaani. Urahisi huo ndio unaofanya swali la usalama wake liulizwe likiwa limechelewa, au lisiulizwe kabisa. Hata linapoulizwa, mara nyingi huulizwa hivi: "Natumia insulini, naweza kumeza dawa ya maumivu?" Kwa namna hiyo swali halijibiki, kwa sababu dawa za maumivu ni za makundi mbalimbali, na kila kundi lina njia yake ya kugusa sukari ya damu. Swali linalojibika hutaja jina la dawa, kiasi cha kila dozi, siku itakazotumiwa, hali ya mafigo ya mgonjwa na dawa nyingine anazotumia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyakusanya mambo hayo na kuyapima, ili unapofika mbele ya mfamasia au daktari uondoke na jibu linalokuhusu wewe.

Kabla ya yote, liondolewe wazo moja lililoenea, kwamba inatosha kuziachanisha dawa hizo mbili kwa saa moja au mbili. Insulini huchomwa chini ya ngozi na kuingia moja kwa moja kwenye damu, hivyo haikutani na kidonge tumboni. Zinapoathiriana, huathiriana kwenye damu, kwenye ini, kwenye mafigo, na hata kwenye sahani ya chakula, maana dawa inayokutia kichefuchefu ukashindwa kula baada ya kujichoma insulini imekwisha kukushushia sukari bila kuigusa insulini yenyewe. Kusubiri saa mbili hakuzuii lolote kati ya hayo.

Soma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo

Kazi ya kwanza ni kujua ni dawa gani hasa uliyoishika mkononi. Kwenye boksi au pakiti kuna jina kubwa la biashara, ambalo kampuni imelichagua, na chini yake, kwa herufi ndogo, kuna jina la kitu chenyewe kinachotibu pamoja na kiasi chake kwa miligramu. Hilo dogo ndilo unalolihitaji. Linakili kama lilivyo, herufi kwa herufi, pamoja na namba yake. Ukikuta majina mawili au matatu, fahamu kwamba kidonge hicho kimoja ni dawa mbili au tatu, na kila moja lazima ihakikiwe peke yake. Ni kawaida kukuta parasetamo imechanganywa na diklofenaki au ibuprofeni, au aspirini imechanganywa na parasetamo na kafeini. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamo ndani yake, na baadhi zina dawa ya kufungua pua ambayo inaweza kupandisha sukari na presha.

Kama umepewa vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi au bahasha ndogo isiyo na jina, usivimeze mpaka uambiwe ni nini. Rudi ulikovinunua uombe viandikwe jina na kiasi. Mgonjwa yeyote ana haki ya kufanya hivyo, na kwa anayetumia insulini ni lazima, kwa sababu miongoni mwa vidonge vinavyotolewa kwa maumivu ya viungo kuna prednisoloni na deksamethasoni, ambazo hupandisha sukari kwa nguvu. Tahadhari hiyohiyo iwekwe kwa sindano ya "mchanganyiko" inayotolewa kwa maumivu ya mgongo, na kwa unga au dawa ya mitishamba inayosifiwa kuondoa maumivu ya viungo kwa siku moja. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimewahi kukuta dawa za kisasa za jamii hiyo zimetiwa kwa siri ndani ya bidhaa zinazouzwa kuwa ni za asili.

Kila kundi na tabia yake

Parasetamo ndiyo inayoanza kufikiriwa, na kwa sababu nzuri: kwa dozi za kawaida haibadilishi utendaji wa insulini kwa kiasi cha kuleta wasiwasi, na haidhuru mafigo kama yanavyoweza kudhurika kwa dawa za kundi la ibuprofeni. Kwa mtu mzima mwenye ini zima, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuzidi vidonge 8 ndani ya saa 24, ndicho kipimo kinachojulikana. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye uzito mdogo sana na anayekunywa pombe kwa wingi wanahitaji kiasi kidogo zaidi kitakachopangwa na daktari. Hatari kubwa ya parasetamo ni kuimeza mara mbili bila kujua, moja kwenye dawa ya maumivu na nyingine kwenye dawa ya mafua. Liko pia jambo linalowahusu wachache wanaovaa kihisio cha sukari kwenye ngozi, hasa ndugu zetu walio Ulaya na Marekani: baadhi ya vihisio husoma sukari kuwa juu kuliko ilivyo mtu anapotumia parasetamo, na anayejiongezea insulini kwa kufuata namba hiyo anaweza kushusha sukari vibaya. Maelezo ya kihisio chako yatakwambia kama kimo kwenye kundi hilo. Ukiwa na shaka, pima kwa tone la damu la kidoleni.

Aspirini inahitaji kutenganishwa mara mbili kwa kuangalia dozi. Ile ndogo ya miligramu 75 au 100 kwa siku, ambayo baadhi ya wagonjwa wa kisukari huandikiwa kwa ajili ya moyo, haishushi sukari kwa kiasi cha kuonekana, na usiiache kwa sababu ya kusoma makala. Lakini aspirini inayomezwa kwa maumivu, gramu kadhaa kwa siku, inaweza kuongeza nguvu ya insulini na kushusha sukari. Jambo hili ni la zamani: mwaka 1876 daktari Mjerumani Wilhelm Ebstein alieleza kwamba salisileti, jamii ya dawa ambayo aspirini imo ndani yake, ilipunguza sukari kwenye mkojo wa wagonjwa wa kisukari. Hadi leo karatasi za maelezo ya insulini huzitaja salisileti katika orodha ya dawa zinazoweza kushusha sukari. Aspirini pia huchokoza tumbo na kurefusha utokaji wa damu, na haipewi mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16 bila agizo la daktari.

Tramadoli, ambayo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, imeripotiwa kushusha sukari hata kwa watu wasio na kisukari, na huleta kichefuchefu, usingizi na kizunguzungu. Usingizi huo ni tatizo la pekee kwa mtumiaji wa insulini, kwa kuwa mtu aliyelala fofofo hahisi dalili za sukari kushuka, na watu wa nyumbani humwacha wakidhani dawa imemtuliza. Nayo prednisoloni na ndugu zake huelekea upande wa pili. Ikimezwa asubuhi, sukari huonekana kupanda zaidi mchana na jioni, na sindano ya aina hiyo ikichomwa kwenye goti au bega inaweza kuiweka sukari juu kwa siku kadhaa.

Ibuprofeni, diklofenaki, meloksikamu, piroksikamu na nyingine za jamii yao ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi, ingawa ukiuliza kama zinagongana na insulini moja kwa moja utaambiwa si sana. Jibu hilo ni la kweli lakini halikamiliki mpaka uulize habari ya mafigo.

Mafigo ndiyo kiini cha swali hili

Chukua mfano wa mama wa miaka 63 mwenye kisukari cha muda mrefu. Anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, anameza metformini, ambayo ni dawa ya vidonge ya kisukari, anatumia losatani kwa ajili ya presha, na ameongezewa haidroklorothiazaidi, ile dawa inayompeleka chooni mara kwa mara. Goti la kulia linamsumbua. Jirani yake, kwa wema kabisa, anamgawia diklofenaki ya miligramu 50 inayomsaidia yeye, na mama anameza mara tatu kwa siku kwa wiki nzima.

Sasa tazama yanayoendelea ndani. Mafigo hutegemea kemikali fulani za mwili, ziitwazo prostaglandini, kuweka wazi mshipa unaopeleka damu kwenye vichujio vyake, na diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali hizohizo, kwa hiyo mshipa wa kuingilia hubana. Losatani, kwa namna inavyofanya kazi, hulegeza mshipa wa kutokea. Haidroklorothiazaidi hupunguza maji mwilini. Kila moja peke yake huvumilika kwa watu wengi, lakini zikikutana tatu msukumo wa damu ndani ya kichujio huanguka, na mafigo ambayo pengine kisukari kilikwisha kuyachosha huanza kushindwa. Hapo ndipo insulini inapoingia tena kwenye hadithi, kwa kuwa sehemu kubwa ya insulini ya kuchoma huondolewa mwilini na mafigo. Mafigo yakilegea, yuniti zilezile alizozizoea hukaa kwenye damu kwa muda mrefu zaidi, na sukari inashuka usiku ilhali mgonjwa hakubadilisha kitu chochote kwenye sindano yake. Metformini nayo hutolewa kwa njia ya mafigo, na ikilundikana kwa mtu ambaye mafigo yake yameshindwa inaweza kusababisha tindikali hatari kwenye damu. Juu ya hayo presha inaweza kupanda na miguu kuvimba.

Mama huyo angeuliza tu, "Diklofenaki na insulini zinapatana?", angeweza kujibiwa ndiyo. Angeleta dawa zake zote mezani, angejibiwa hapana, na angeelekezwa kwenye parasetamo kwa kiasi sahihi, pengine pamoja na jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini, ambayo huingiza kwenye damu kiasi kidogo sana kikilinganishwa na kidonge.

Kwa hiyo, kabla ya kumeza dawa yoyote ya kundi hili, fungua daftari lako la kliniki utafute mambo mawili: kipimo cha kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha jinsi mafigo yanavyofanya kazi, na kipimo cha protini kwenye mkojo. Mgonjwa wa kisukari anapaswa kupimwa yote mawili walau mara moja kwa mwaka. Kama vipimo hivyo havipo, au ni vya zamani, au uliwahi kuambiwa kuwa mafigo yana tatizo, chukulia kwamba dawa hizo hazikufai mpaka daktari aseme vinginevyo. Hali ni hiyohiyo kama unahara au unatapika na maji mwilini yamepungua, kama umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, au kama moyo wako ni dhaifu. Mama mjamzito anayetumia insulini asizitumie bila agizo la daktari, na kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito tahadhari hiyo ni kubwa zaidi, maana zinaweza kuathiri mafigo ya mtoto aliye tumboni.

Mahali pa kuuliza na namna ya kuuliza

Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la insulini ina sehemu inayoeleza dawa nyingine, na huzigawa katika zile zinazoshusha sukari na zile zinazoipandisha. Karatasi ya dawa ya maumivu ina sehemu kama hiyo, pamoja na orodha ya watu wasiopaswa kuitumia. Soma zote mbili, kwa kuwa jambo lisilotajwa upande mmoja linaweza kutajwa upande wa pili. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, basi mpe mfamasia akusomee sehemu hizo.

Kwenye intaneti ziko programu za kukagua mwingiliano wa dawa, kama ile ya tovuti ya Drugs.com, ambapo unaandika majina ya dawa zako na kuonyeshwa kama zinaathiriana na kwa uzito gani. Zinasaidia, mradi uziandikie dawa zote badala ya mbili tu, na uandike jina la kitu chenyewe badala ya jina la biashara. Kwenye tovuti za Kimarekani parasetamo huorodheshwa kwa jina acetaminophen. Lakini programu hulinganisha majina tu. Haijui kreatinini yako, haijui kama jana usiku ulikula, na haijui kama aspirini yako ni ya miligramu 75 au ya gramu 3. Ikisema haikupata mwingiliano, maana yake ni kwamba haikukuta jambo lililoandikwa kuhusu jozi hiyo ya dawa. Hiyo bado si ruhusa ya kumeza.

Mtu wa kukupa jibu lenye uzito ni mfamasia, daktari, au muuguzi wa kliniki yako ya kisukari. Nchini Tanzania, watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu wamefunzwa na hufanya kazi kubwa mahali ambapo famasi haipo, ila suala lenye insulini, dawa za presha na mafigo ndani yake ni vema lifike kwa mfamasia au kliniki. Nenda na dawa zako zote kwenye mfuko, za hospitali, za dukani na za mitishamba, kisha eleza kwa mpangilio huu: "Samahani daktari, nina kisukari. Nachoma insulini ya mchanganyiko yuniti 24 asubuhi na 14 jioni. Dawa nyingine ninazotumia ni hizi hapa. Kreatinini nilipimwa mwezi wa tatu, majibu ni haya. Goti linaniuma kwa wiki mbili sasa, nataka kutumia dawa hii kwa siku tano. Inanifaa? Nisipopata nafuu nifanye nini?" Ukipewa jibu la haraka bila dawa zako kuangaliwa, omba kwa adabu ziangaliwe.

Baada ya kuimeza

Ruhusa ikishatolewa, uhakiki bado unaendelea kwa mashine ya kupimia sukari. Kwa siku mbili tatu za mwanzo, pima kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Kama vijiti vya kupimia ni vichache, na kwa wengi wetu ni vichache kwa sababu ya bei, vitumie kabla ya kifungua kinywa na kabla ya kulala, na ubakize kimoja cha dharura. Kwa anayetumia prednisoloni, kipimo cha jioni ndicho cha kutokosa. Andika namba hizo pamoja na saa uliyomeza dawa ya maumivu. Kumbuka pia kwamba homa, jipu au jino lililooza hupandisha sukari kwa nguvu zake zenyewe, na dawa inaweza kulaumiwa bure. Na kama unachokitibu ni homa yenye maumivu ya mwili, kapime malaria. Ukiandikiwa kwinini, mkumbushe daktari kwamba unatumia insulini, kwa sababu kwinini hushusha sukari.

Sukari ikiwa chini ya 4 kwa kipimo cha milimoli, au ukitetemeka, ukitokwa na jasho, moyo ukienda mbio au akili ikianza kuvurugika, kunywa mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, pima tena baada ya dakika 15, kisha kula. Wanaotumia propranololi au atenololi, dawa za presha na moyo, wajue kwamba dawa hizo huweza kuficha mtetemeko na mapigo ya moyo, huku jasho likibaki kuwa dalili ya kutegemea. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali.

Anayechua misuli au kukanda kwa maji ya moto afanye hivyo mbali na sehemu aliyochoma insulini, kwani joto na kuchuliwa huifanya insulini iingie kwenye damu kwa kasi. Mwenye ganzi miguuni asiikande kwa moto kabisa, maana ataungua bila kuhisi.

Yako maumivu ambayo hayapaswi kutulizwa kabla ya kuonekana na daktari: ya kifua, ya mguu wenye kidonda au uliobadilika rangi, na ya tumbo yanayoambatana na kutapika na kupumua kwa haraka, kwani haya ya mwisho yanaweza kuwa dalili ya tindikali ya kisukari inayohitaji kulazwa. Kuwaka moto kwa nyayo usiku, kunakotokana na mishipa ya fahamu iliyodhurika, nako kuna dawa zake za kuandikiwa, na kuendelea kumeza ibuprofeni mwezi baada ya mwezi kwa tatizo hilo hakuleti nafuu ya maana ilhali mafigo yanaumia.

Dozi ya insulini isibadilishwe kwa kukisia, na insulini isiachwe kwa sababu tu umeanza dawa nyingine au hamu ya kula imepungua. Piga simu kliniki upewe maelekezo. Ukiongezewa yuniti kwa ajili ya prednisoloni, muulize daktari siku hiyohiyo utazipunguza vipi na kuanzia lini, kwa sababu prednisoloni inapokwisha sukari hushuka, na yuniti za nyongeza zikiendelea kuchomwa zitaishusha kupita kiasi. Siku ya kuanza kupunguza iandikwe kwenye daftari, na mtu mmoja wa nyumbani aijue.